Fatwa ya Wino

Uvumi uliingia Micheweni kupitia foleni ya bomba,
Jumatatu, wiki moja kabla ya kura:
ati wino wa kidoleni hauruhusu maji kupita,
na asiyepitisha maji hana udhu,
na asiye na udhu hana sala.
Hesabu mwenyewe ni siku ngapi.
Hakuna aliyejua nani kausema mwanzo.
Kila mmoja kaupata kwa mwenye ndoo ya mbele.

Msikiti wa juu ukasema ni kweli.
Msikiti wa chini ukasema ni uongo.
Na sote tulijua, kabla imamu hajapanda mimbari,
msikiti upi ungesema lipi.

Nikamwendea Bi Time binti Faki
aliyenisomesha alifu kwa kijiti cha ukindu.
Nikamkuta anachuja hina ya harusi ya watu.
Hakuinua uso.
"Hina unatia?"
Natia.
"Na sala unasali?"
Nasali.
"Basi kizuiacho maji ni jirimu, si rangi.
Rangi ni mgeni aliyekwishaingia ndani kalala.
Jirimu ni yule aliyekaa mlangoni, hapiti, hapishi."
Kisha akacheka peke yake:
"Miaka arubaini nawaandikia kombe,
zafarani kwenye sahani nyeupe,
wanaifuta kwa maji, wanaikunywa.
Leo wanaogopa wino!"

Nilisubiri aniambie nimpe nani.
Kusema kweli, nilitaka aniambie.
Akasema tu: "Ukiitwa ushahidi, nenda.
Utakalolisema huko ni lako na sanduku."

Salhiya na wenziwe wa kuweka na kukopa
walikuwa njiani tangu Rajabu, nyumba kwa nyumba,
daftari la hisa mkono huu, orodha mkono huu:
nani hana kitambulisho, nani kanyimwa fomu.
Mara tatu walikwenda kwa sheha, Bwana Shaame,
mara tatu wakaambiwa muhuri umekauka.
Mara ya nne wakamnunulia wino wa muhuri,
wakauweka mezani pamoja na risiti,
wakakaa chini, wanawake kumi na tisa,
mpaka adhuhuri, mpaka laasiri,
wakasali palepale barazani kwake,
Salhiya akisalisha, mwanawe mgongoni kwa mwengine.
Magharibi haijaingia, muhuri ukalowa.

Usiku wa kura mama yake Shaame akafariki.
Mwaka ule watu waliuliza chama kabla ya kushika jeneza;
kuna maiti Konde alibebwa na watu sita,
wakapokezana wenyewe kwa wenyewe.
Bi Time akachukua kafuri yake na ubani, akaenda.
Shaame alikuwa nje ya pazia, anapenyeza ndoo.
Akakiona kile kidole, cheusi mpaka kwenye kucha.
"Bi Time," akaanza.
Mwanamume mzima, macho mekundu, mama yake kalazwa juu ya kitanda cha kuoshea,
na bado swali lilimjia mdomoni,
nililiona, mimi niliyeshika taa.
"Ongeza maji," Bi Time akamwambia.
Akaongeza.

Redio ikatangaza. Kuna nyumba zilipiga vigelegele,
kuna nyumba zilizima redio na kuanika nguo usiku.
Wino ulipanda na kucha, polepole,
mwezi mwembamba mweusi.
Wiki nyingi baadaye, Ijumaa moja, ulifika ukingoni,
akaukata kwa wembe, akaufukia nyuma ya jiko.

Misikiti miwili bado haijaafikiana.
Shaame bado sheha. Salhiya kapeleka orodha mpya.
Na mimi, niliyefunzwa na yeye,
kila nikimtilia maji ya kunawa
naangalia mkono ule na nataka kujua
alimpa nani.
Nasugua, nasugua.
Hilo si rangi.
Maji hayapiti.