Daftari la Mapokezi

Yamekuja na basi la asubuhi kutoka Mbeya,
masanduku manne, chini ya magunia ya viazi,
kamba zimekatwa na kufungwa upya forodhani.
Kondakta akadai nauli ya mzigo mzito.
Nikamwambia ni karatasi tu, kaka.
Akasema, karatasi ndizo nzito, kaulize mahakamani.

Barua ya mwanasheria inasema:
marehemu Irmgard Pohlenz, mshairi,
aliyekaa hapa Tukuyu miaka sita na mwavuli mmoja,
ameagiza alichokiandika mvuani kirudi mvuani.
Mengine yamebaki kwao, katika chumba
ambacho hewa yake hupimwa kwa mashine.
Sisi tuna dirisha lisilofunga
na mkaa ndani ya soksi, unyonye unyevu.

Kijerumani hatukijui. Tukamwita Sista Tupokigwe,
mkunga mstaafu, aliyeokota kwa madada wa misheni
maneno ya leba: sukuma, pumua, tulia,
na mengine yakafuata yenyewe.
Akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza:
"Mvua." Wa pili: "Mvua."
Wa tatu akacheka hadi akaishika meza.
"Huyu alikaa Tukuyu kweli."

Kuna risiti ya mafuta ya taa.
Kuna orodha: kunde, kiberiti, kumwomba radhi mpishi.
Kuna shairi ambalo neno moja limefutwa mara kumi na moja:
alikuwa akilitafutia "ugonile" mwenzake wa kwao,
salamu inayouliza kama umelala
bila kutaka kujua kama umelala.
Mwishowe ameliacha hivyo hivyo, katikati ya Kijerumani,
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Mimi najaza daftari. Namba. Mtoaji. Kurasa.
Lugha. Thamani kwa shilingi.
Hapo kalamu inasimama.
Maana nimevaa glovu za pamba
kushika risiti ya mafuta ya taa,
na Mwalimu Gwakisa Mwasandube,
aliyetunga miaka arobaini kwenye madaftari ya shule,
alipofariki madaftari yake yaliuzwa kwa kilo
sokoni Katumba.
Nilinunua vitumbua. Beti ziling'aa mafuta,
upande wa pili ukisomeka kupitia wa kwanza.
Nilikuwa na njaa. Nikala, nikatupa.
Hili halina safu yake daftarini.

Sanduku la tatu. Barua ya anga,
ile ambayo karatasi ndiyo bahasha.
Mwandiko naujua, ndio ulionisahihishia hesabu,
"r" zenye mkia, wino wa buluu wa ofisi.
Mwalimu alimwandikia mwanamke huyu. Kiswahili, vina vyote:

     Majani yamesafiri, mchumaji kabakia,
     Kikombe kiko tayari,

na hapo pana tundu.
Tundu la mraba, safi, la mkasi.
Mtoto fulani huko, mpenda stempu,
alimtaka twiga wa upande wa pili
akaondoka na mizani minane.

Sista ananiambia, malizia wewe, si unajua kuhesabu.
Usiku umeme ulipokatika nikajaribu kwa vidole;
ikatimia minane, mara nne, na kina kikakubali.
Sikuandika hata moja.

Asubuhi nimefungua mstari mpya
nje ya utaratibu. Mkaguzi atauliza, na aulize.
Mwandishi: G. Mwasandube, wa hapa.
Lugha: Kiswahili.
Hali ya waraka: una tundu.
Thamani:
nimeacha wazi, upana wa stempu.
Kisha nikaenda kumwaga ndoo.
Paa limeanza tena.