Kupiga na Kusafisha

Siku ya kwanza mhadhiri alituuliza
kwa nini tumekuja. Mvulana wa Perth akasema: ukweli.
Binti mwenye kipini puani: mwili, na kumbukumbu.
Nami, Kiingereza changu kikiwa bado hakijavua koti,
nikasema mjomba Sekiboko alikuwa na duka la picha za pasi
Korogwe, jirani na kinu cha kusaga,
na mimi ndiye niliyeshika shuka jeupe
nyuma ya vichwa vya watu.
Wakacheka kwa adabu. Dundee hucheka kwa adabu,
kisha hukushikia mlango upite.

Kwao picha huchukuliwa,
kama kitu kilichosahauliwa mezani.
Kwetu hupigwa.
Na ikishapigwa, husafishwa,
utadhani mtoto aliyeanguka topeni.
Niliyaandika haya kwenye insha. Pembeni,
kwa kalamu ya kijani: fafanua.

Chumba cha giza kiko chini kabisa,
taa nyekundu, harufu ya siki.
Humo hutawala Bwana Geddes,
fundi, si mhadhiri, miaka thelathini na mmoja
akikoroga dawa kwa nyuzi ishirini kamili,
akisema "usiiharakishe" kwa lafudhi
ambayo hata Waingereza humwomba arudie.
Alinifundisha kuinamisha trei
kama anayepeta mchele wa mkopo,
na kuhesabu kwa sauti.
Nilihesabu kwa Kiswahili.
Mwezi wa Machi nikamsikia naye, peke yake gizani:
moja, mbili, tatu, ine.
Hiyo nne ilimshinda hadi mwisho.

Kazi ya kufunga mwaka: picha kumi na mbili, mada huru.
Wenzangu walipiga ukungu juu ya Mto Tay,
baiskeli iliyozama mfereji,
migongo ya wapenzi wao.
Mimi nilizunguka wiki tatu na filamu ileile,
kidole juu ya kitufe, masikio yakiuma kwa baridi.
Palikuwa na maghala ya zamani ya juti,
nikayatazama, nikakumbuka katani,
nikaona hiyo ni picha ambayo mhadhiri
angeipenda kabla hajaiona.
Nikaondoka.

Nikashuka kwa Geddes.
"Ni nani amewahi kukupiga, wewe?"
Akasita. Nikajua nimekosea kutafsiri.
"Baba," akasema. "Na mwalimu wa hesabu."
Tulicheka mpaka trei ikamwagika.

Kisha akasimama ukutani, mikono ubavuni,
amekakamaa kama mtu anayesubiri viza ikataliwe.
Miaka thelathini na mmoja akisafisha nyuso za wengine!
Nikamsikia mjomba kinywani mwangu:
kidevu juu kidogo. Tazama hapa. Usicheke,
ila macho yaache, hayo uhamiaji hawayapimi rula.
Mwanga ulikuwa mchache, ule mwekundu tu.
Nikamwambia lenzi itakaa wazi sekunde nne,
asitikisike.
Akasimama kama nguzo. Lakini alihesabu mwenyewe,
kwa lugha yangu,
ndiyo maana kila kitu kimetulia pale, hata vifungo vya koti,
isipokuwa mdomo.

Siku ya kukosoana tulizibandika ukutani.
Mvulana wa Perth: mdomo umevurugika.
Mhadhiri aliinamisha kichwa kulia, kisha kushoto:
dhana iko wapi hapa?
Nikatafuta neno. Lililokuja lilikuwa la Kiswahili,
nikalimeza.
Hamsini na nane kwa mia.

Kwetu nakala pia huitwa kivuli.
Nilimtolea Geddes vivuli viwili:
kimoja cha dada yake wa Arbroath,
kingine, alisema, bado hajui.
Nami nikamtumia mjomba kwa simu,
yeye ambaye duka amelifunga tangu watu
walipoanza kujipiga wenyewe.

Akajibu usiku, akiwa amevaa miwani, namjua:
Shuka liko wapi?
Baada ya dakika kumi, tena:
Na huyu mzungu anasema nini?

Nikamwandikia: nne.