Sentimita Saba

Pikipiki ni ya Suwedi, kaka yangu,
mtu wa kuinamia kila mlango.
Alipopata kazi Duqm akaniachia ufunguo:
"Iwashe kila Ijumaa, betri isife."
Hakusema niipande.
Na mimi sikumuuliza.

Mwezi mzima nikaiparamia kama ngazi.
Kwenye taa nyekundu, kati ya mwili wangu wote
ni ncha ya dole gumba la kushoto tu
iliyokuwa ikijuana na lami.
Khuwair, mbele ya kituo cha petroli,
tukaanguka, taratibu, kama ng'ombe anayejilaza.
Wanaume watatu wakaja kuinyanyua.
Mmoja akauliza kwa Kiarabu:
"Mwenyewe yuko wapi?"

Mama huniita Kibaba.
Eti nilikusudiwa pishi,
nafaka ikaisha kabla sijajazwa.
Hilo jina alilibeba kutoka Unguja
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
na vyote viwili bado vina meno.

Gereji ya Prakashan iko Wadi Kabir,
nyuma ya wauza matairi.
Alinitazama toka ushungi hadi viatu
asitie neno. Nikampenda kwa hilo.
Akanipa futikamba, "Pima mwenyewe mguu wa ndani,"
akageukia ukutani
akaisoma kalenda, Februari nzima,
nasi tuko Oktoba.

Mguu: sabini na moja.
Kiti: themanini na tatu.
Kumi na mbili zimepotea, nusu shubiri na chembe.
"Kiatu kitakupa mbili," akasema
kwa Kiswahili cha kuokota kwa wateja.
"Springi mbili, ukishakaa. Mimi nitafute saba."
"Na ile moja?"
"Moja ya Mungu."

Nyuma akatoa vyuma viwili, mithili ya mifupa ya kuku,
akatia vingine, virefu zaidi.
Virefu! Nikadhani amekosea.
Lakini kila alipokaza nati
pikipiki ilizidi kuchutama.
Mbele akazilegeza shokapu, akazisukuma juu
zikachomoza kando ya usukani
kama pembe za mwanambuzi.
"Ukishusha nyuma tu, itatazama mbingu,
kona itakukataa."
Sponji ya kiti akaichonga kwa kisu cha mkate.
Manyunyu ya manjano yakanigandia kwenye baibui,
nikaenda nayo zamu ya usiku, wodi ya watoto,
mgonjwa mmoja akayahesabu.

Stendi tuliisahau.
Nilipoiegesha, ikakataa kuegemea,
ikasimama wima kama mtu aliyetukanwa,
kidogo iangukie upande wa pili.
Basi akaikata stendi nayo, upana wa vidole viwili,
akaichomelea. Cheche. Kovu la buluu.

Usiku ule, taa za Ghubra zikawa nyekundu.
Nikashusha mguu. Nikashusha wa pili.
Nyayo mbili, kisigino na vyote,
na joto la mchana likapanda kupitia soli
kama chai.
Taa ikawa kijani. Sikuondoka.
Wakanipigia honi.

Suwedi alikuja Alhamisi, hajaambiwa.
Akaivukisha mguu kwa mazoea,
akakaa, na magoti yakampanda
hadi karibu na mbavu, panzi mtupu.
Akatazama stendi. Akatazama kovu.
Nikasubiri maneno.
Akashuka, akapangusa kiti kwa kiganja,
akauliza, si kwa hasira:
"Petroli huwa unaweka ya ngapi?"
Akaingia ndani kula.

Sasa tumbo lake limekaribia chini.
Tuta la mwisho, hapa mtaani Mabela,
halinisamehi hata nikienda mwendo wa mayai:
*kwarrr*, chuma juu ya saruji.
Nimempelekea Prakashan lalamiko hilo.
Amesema ni ile moja.
Na Mama, jikoni, akilisikia kwaruzo,
hachungulii dirishani tena.
Anateremsha sahani yangu.