Moja kwa Sabini na Mbili

Boksi lilikuja na basi la asubuhi,
limezungushiwa utepe wa gundi kama mgonjwa wa bandeji.
Mjukuu wangu Mbodze ameandika juu yake: Babu, usisahau kula.

Ndani mna ndege, ila haijawa ndege bado.
Vipande mia na nne vimening'inia kwenye fremu
kama mbavu,
na mbavu nazijua.
Miaka thelathini na moja, hospitali ya Malindi, chumba cha eksirei,
nikiwaambia watu: Vuta pumzi. Ishike. Haya, iachie.

Sasa naishika mimi.
Kibanio vidoleni, gurudumu la mkiani dogo kama punje ya mtama,
mkono unatetemeka, punje inachupa,
na mtu mzima wa miaka sitini na sita anatambaa chini ya meza
na tochi mdomoni.
Sidi anapita na sufuria. "Umepoteza nini tena?"
Gurudumu.
"La gari?"
La ndege.
Anacheka hata inambidi aweke sufuria chini.

Kipimo chake ni moja kwa sabini na mbili.
Yaani rubani akisimama wima
hazidi pingili ya kidole gumba changu.
Bado miaka sita nami nilingane na hesabu hiyo.

Ya kwanza niliijenga nina miaka kumi na miwili, kule Maweni.
Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli,
na Mtaliano mmoja akasahau boksi chini ya kitanda,
nusu ya vipande havimo.
Gundi sina. Nikagema utomvu wa mkanju.
Bawa la kushoto nikalichonga kwa ubao wa sanduku la sabuni.
Siku saba. Siku ya nane ndugu yangu Yeri
akapanda tangi la maji la shule, akairusha,
aone tu.

Iliruka. Leo nakiri.
Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu,
iliruka,
kisha ikaingia kisimani.
Mwezi mzima sikumsemesha.
Halafu masomo, halafu kazi, halafu karo za watoto wanne,
nikadhani mkono umesahau.

Vioo vya madirisha vilifika vimepasuka.
Nikafungua kabati, nikatoa filamu moja kuukuu,
nikailoweka kwenye dawa ya madoa.
Weusi ukabanduka polepole, ukaelea kama masizi.
Zikaondoka mbavu kwanza,
kisha lile doa la upande wa kulia
lililomlaza Yeri miezi mitano,
mwaka ule nilipoinua filamu yake kwenye taa
nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jenereta
mpaka nikaitwa.
Alipona. Filamu nikaiweka, sijui kwa nini.
Ikabaki plastiki tupu, ya samawati kidogo.
Nikakata madirisha sita.

Jana Yeri alikuja na mkongojo wake.
"Na hii inaruka?"
Hii hairuki, nikamwambia. Ile iliruka.
Hakujibu. Nje mtu alikuwa akiita muhogo wa kukaanga.
Akauegemeza mkongojo ukutani,
akafunga mikono nyuma ya mgongo
kama mtoto aliyeonywa dukani,
akainama, jicho moja dirishani,
akamtazama yule rubani wa pingili moja
muda mrefu.

"Mbona kioo chake kina rangi ya samawati?"

Sikumwambia.
Nilisema tu, Usiipumulie, rangi haijakauka.

Akavuta pumzi.
Akaishika.