Kisanduku cha Tatu

Fomu ya chuo ilinipa visanduku vitatu.
Jina la kwanza: Peruth.
Jina la ukoo: Kabasinguzi.
Cha tatu kiliandikwa jina jingine,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
si lazima.

Nikakiruka.
Mtandao ulikuwa unasuasua,
mwenye kompyuta ananihesabia dakika kwa macho,
na ningeanzia wapi kuueleza mtambo ulioko sijui nchi gani
kwamba kwetu Tooro salamu bila empaako
ni chungu bila mafiga?

Bibi yangu, kule Kyenjojo, ana simu ya vitufe.
Ameikaza kwa raba isimwage betri,
anailaza ndani ya endiiro, kikapu cha ugali wa wimbi
ambacho siku hizi hakipakui tena watu kumi.
Ikilia, anafunua kifuniko polepole,
kana kwamba ndani bado kuna mvuke.

Hasemi haloo.
Anauliza, kila mara, kama mtu asiyenijua:
"Empaako yaawe?"
Najibu: Abwoli.
Nami namuuliza yake, ingawa nimekua nikiisikia: Adyeri.
Hapo ndipo mazungumzo yanavua viatu na kuingia ndani.
Usiku ulikuwaje, migomba, mguu wake wa kushoto,
Atwoki jirani, ng'ombe wa Atwoki jirani,
na kati ya ng'ombe na mguu, salio linakata.

Muhula wa kwanza nilimwambia, Bibi, tufupishe.
Dakika ni pesa. Sema shida, niishughulikie.
Akanyamaza.
Nikasikia jogoo wake.
Nikasikia mvua ikianza juu ya mabati,
vyote vikipita kwenye dakika zangu bila kuomba radhi.
Kisha akasema, bila hasira:
"Nilidhani umepiga kunisalimu.
Kumbe umekuja dukani."

Siisemi simu vibaya, mdomo wangu umekula kwayo.
Ada yangu ilisafiri kwa ujumbe mfupi,
ikafika Kampala nikiwa bado kwenye foleni ya benki,
na mtamba aliyeuzwa kwa ajili yake
alikuwa bado njiani, kwa miguu,
hajafika hata kwa mnunuzi.
Nilimfikiria siku hiyo, yule mtamba.
Nilikuwa na risiti yake mkononi.

Jana usiku, Wandegeya.
Nakitto amelala, feni inanguruma, chapati imepoa.
Naandika insha ya kurasa nane
juu ya mila zetu katika zama za kidijitali,
na ile programu ya kunisaidia inaniuliza:
Ungependa nikuiteje?
Sijui ni usingizi au ni utundu.
Nikaandika: Abwoli.

Ikajibu papo hapo, Habari za usiku, Abwoli!
Bila kukohoa. Bila kufunua kifuniko chochote.
Shingo ikanisisimka,
maana jina hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa
katika chumba kile.
Nikaandika tena: Na wewe, empaako yako?

Ikanipa aya tatu.
Asili yake, desturi zake, maana ya kila moja,
na lile lisiloitwa mtu ila mfalme.
Iliyajua yote kumi na mawili.
Haikuwa na hata moja la kunirudishia.

Nimerudi kwenye ukurasa wa usajili
kujaza kile kisanduku. Kimefungwa.
Muda wa mabadiliko umekwisha, wamesema,
na sikubishana, kosa ni langu,
niliamini pale waliponiambia si lazima.

Sasa ni alfajiri. Insha ina kurasa mbili na nusu.
Nimenunua dakika nyingi kuliko pesa ya chai inavyoruhusu.
Inaita.
Inaita.
Nasikia kifuniko, nasikia mkohozo,
jogoo yuleyule.
Sisemi neno.
Nangoja niulizwe.