Maji ya Tatu

Kwetu Tandahimba, juu ya mwinuko,
maji hayamwagwi. Yanashushwa cheo.

Ya kwanza yanaosha mchele, siku ya mchele.
Ya pili yanaosha sahani na mikono ya mgeni.
Ya tatu, yakishakuwa ya kijivu na kunuka shombo,
hubebwa kwa kopo la maziwa la zamani
mpaka kwenye shina la mpapai,
na mama hunong'ona, "Kunywa, mwenzetu."

Mama yangu, Somoe binti Nakoma,
hukata sabuni kwa uzi.
Uzi wenyewe kaufumua kwenye gunia la msimu uliopita,
na gunia lenyewe sasa ni pazia la choo.
Baba, Chinduli, alikuwa akinyoosha misumari iliyopinda
juu ya jiwe, usiku, nje,
kwa sababu mwezi hauli mafuta ya taa.
Tulilala tukisikia: ko, ko,
kimya kidogo (anautazama kwa jicho moja),
ko.

Oktoba tuliamshwa kabla ya kunguru.
Korosho nzuri zilikwenda chama, na karatasi ikarudi badala ya pesa,
karatasi ambayo mama aliihifadhi ndani ya Msahafu
ili hata panya wauogope mkopo.
Zilizotobolewa na wadudu, daraja lake lilikuwa sufuria yetu.
Mabibo tuliyakamua, makapi tukayaanika juu ya bati yawe kochoko,
na yaliyooza alikuja kuyachukua Hokororo, jirani,
akatuachia mayai mawili bila kusema anakwenda kupika nini,
na mama, anayeswali tano, hakuuliza.
Njaa ya Februari tulichimba ming'oko.
Maganda yake alikula mbuzi.
Mbuzi tulimla Idi.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuja na rafiki,
Athanasi, mtoto wa Masasi mjini, kwao bomba liko ndani.
Tulipokwisha kula nikalichukua beseni
nikalimwaga uani, paa! kwa madaha,
kama mtu wa nyumba yenye bomba.
Mama hakupiga kelele.
Aliitazama ardhi ikinywa
kama abiria anayetazama basi likiondoka na mzigo wake.
Kesho yake alinituma bondeni, peke yangu, na ndoo ya lita ishirini.
Kushuka ni saa nzima.
Kupanda sikuhesabu.

Baba alifariki Novemba, kisima kimebaki tope,
korosho bado ziko chini ya miti.
Alilala tu, asiamke.
Kabla jua halijawa kali ndoo zilianza kuja,
kichwani kwa huyu, kichwani kwa yule,
kila moja imepunguzwa kwenye chakula cha mtu.
Wanaume walipoingia kumwosha
walikuwa wakichota kidogo kidogo, wanaijua nyumba hii.
Mama akasema kutoka nyuma ya mlango:
"Mwageni. Mwageni mpaka atakate."

Neno hilo, maisha yangu yote,
nililisikia kwake likitanguliwa na "usi".

Siku ya nne aliniita. Yuko edani, hatoki.
Alikuwa amezipanga ndoo ukutani, zimesuguliwa kwa majivu:
"Hii yenye ufa ni ya Hokororo.
Hii ya mpini wa waya ni ya akina Nambunga.
Hii sijui ya nani, pita nayo nyumba kwa nyumba.
Na usirudishe tupu, tumefundishwa wapi hayo?"
Ndani ya kila moja, gao moja la kochoko.

Nilizunguka mpaka adhuhuri.
Ile isiyo na mwenyewe ilichukuliwa na mtoto
aliyesema ni yao, na labda ni kweli.

Nyuma ya mlango nimekuta kopo la misumari ya baba.
Mia mbili na kumi na minne, niliihesabu,
yote imenyooka, au karibu.
Sijajua bado nijenge nini.
Nimelirudisha pale pale, juu kidogo,
lisipate unyevu.