Nafasi ya Jina la Shule

Fomu ina nafasi kumi na tisa.
Kumi na nane tulizijaza jana usiku, mimi na Koku,
kalamu nyeusi, herufi kubwa,
umeme ukikatika na kurudi.
Ya kumi na tisa inasema: JINA LA SHULE.
Hapo kalamu ikasimama.

Shule ni meza ya kukatia nguo, Kinyerezi,
nyuma ya duka la vifaa vya bomba.
Utepe wangu wa kupimia ulimfundisha sentimita
kabla hajajua kuandika jina lake.
Maabara ni jikoni: siki, ndimu,
juisi ya choya iliyogeuka rangi tulipotia magadi,
akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kaungua.
Na mahudhurio?
Kuna siku damu yake inagoma, mifupa inalia,
tunafunga daftari, tunakwenda Muhimbili
na kitabu cha jiografia ndani ya mkoba wa dawa.
Huko alikosoma mwanzo, kwenye rejista walimwandika mtoro.
Mtoro!
Mtoto aliyelazwa wodini, dripu mkononi.

Tangu nimtoe, kila mtu ananitahini mimi.
Wifi Adela, katikati ya kumenya ndizi:
"Sawa, anajua. Na cheti je?"
Baba Tumsifu, ana mapacha wanaosomea sebuleni,
ananipigia saa nne usiku, sauti ya chini kama mwizi:
"Nani atasahihisha? Watakalia dawati la nani?
Chuo kikiuliza walitoka wapi, tunasemaje?"
Namwambia, ndugu yangu, mimi fundi cherehani.
Najua pindo. Najua nguo ikishonwa kwa haraka
inafumukia mbele za watu.

Asubuhi, dirisha la tatu.
Bwana Kilindo anatafuna karanga, miwani kwenye ncha ya pua.
Namimina maswali yote, ya kwangu na ya kutumwa.
"Mama, mtihani hauulizi ulisomea wapi.
Unauliza jibu.
Aanze na ule wa maarifa, akifaulu ndipo kidato cha nne."
Na cheti?
"Cheti ni cheti."
Na chuo kitakipokea?
Akatafuna. Akameza.
"Chuo kitaangalia alama. Watu wataangalia mengine.
Watu sina dirisha lao."

Kisha akasoma kwa sauti, kidole juu ya fomu:
"Mtahiniwa wa kujitegemea."
Neno hilo tuliliimba mstarini, enzi zangu,
jembe begani, jua utosini,
wala sikuwahi kuliona likiwa na mtu ndani yake.
Sasa limesimama hapa, kilo thelathini na nane,
linajitegemea huku limeniegemea begani,
maana foleni ilikuwa ndefu na magoti yameanza kuuma.

"Na hapa, jina la shule?"
Nikafungua mdomo. Meza. Utepe. Choya.
"Kama hamna, chora kistari," akasema. "Msinijazie hadithi."

Koku akajinyoosha.
Akatoa mkobani rula yangu ya mbao, ya kukatia,
iliyo ndefu kuliko fomu yenyewe,
akailaza, akafumba jicho moja kama ninavyofanya mimi,
akavuta mstari
ulionyooka, mweusi,
ukapita ukingo wa kisanduku, ukaendelea kidogo pembeni.

Bwana Kilindo akautazama, akaacha kutafuna.
Muhuri: ta!
"Anayefuata."

Tulifika stendi ndipo nikakumbuka chenji,
mia tano, nimeiacha dirishani.